Ile "ndiyooo" ya darasani ndo inatutesa kazini

Kila aliyewahi kukaa darasani anaijua hii. Mwalimu kamaliza kujaza ubao, kajipangusa chaki mikononi, kageuka, anauliza "mmeelewa?" na darasa zima linaitika "ndiyoooo", hata yule wa nyuma kabisa ambaye tangu mstari wa pili alishapotea naye anaitika, tena yeye ndo anavuta sauti kuliko wote maana hataki kushtukiwa. Mwalimu anajua hawajaelewa. Wanafunzi wanajua kwamba mwalimu anajua. Afu kengele inalia, kila mtu anashika njia yake, na wiki tatu baadaye mtihani unakuja kusema ule ukweli ambao watu arobaini walishindwa kuusema siku ile.

Hiyo "ndiyooo" tumezoea kuicheka kama kautani ka shule. Mi naona ni somo kamili. Linafundishwa kila siku kuliko hesabu, halina kitabu, halina silabasi, na karibu wote wanalifaulu. Linasema hivi: ukiwa hujui, funika, kahangaike mwenyewe usiku, ila mbele za watu onekana uko sawa.

Kilichonifanya nianze kuliwaza hili ni dogo mmoja aliyekuja ofisini kwetu kufanya mafunzo kwa vitendo. Kijana safi, matokeo yake chuoni ya juu, anawahi kuliko sisi wote, adabu tele. Nikampa kazi ya kusafisha jedwali moja la data, kazi ya siku mbili hivi. Jioni ya kwanza namuuliza inaendaje, ananiambia "inaenda vizuri bosi". Siku ya pili inaenda vizuri. Siku ya tatu inaenda vizuri, "namalizia malizia tu". Siku ya nne nikavuta kiti nikakaa pembeni yake ndo nikagundua kwamba alikwama saa ya pili ya siku ya kwanza, yaani siku ya kwanza kabisa, kwa sababu faili nililompa lilihitaji nywila na mimi nilisahau kumpa. Kitu cha dakika moja! Siku tatu na zaidi kijana anafungua faili nyingine, anabahatisha, anasoma soma mitandaoni jinsi ya kufungua faili lililofungwa, kila nikipita anaweka sura ya mtu aliye bize. Nikamuuliza kwa nini hukuniambia. Akasema, "Nilihisi ni kitu ambacho natakiwa kujua."

Nilikasirika, sikatai. Ila nikiwa njiani kurudi nyumbani nikasema huyu hajafanya kosa lolote, amefanya kile ambacho alipewa maksi kwa kukifanya miaka kumi na sita mfululizo. Na kosa la nywila ni langu.

Sasa mjadala wa elimu kuendana na ajira umekuwa mrefu, na kwa maoni yangu umekaa upande ule rahisi. Utasikia wafundishwe kompyuta, wafundishwe kuandika programu, wafundishwe akili mnemba, shule ziletewe tabuleti. Sawa, vyote vizuri, sipingi. Lakini vifaa vinazeeka haraka kuliko silabasi inavyobadilishwa. Kuna programu mimi nilifundishwa chuoni muhula mzima na mtihani nikafanya, nilipoingia kazini nikakuta hamna hata mmoja anayeitumia na mpya niliyoikuta nilijifunza kwa wiki mbili nikiwa palepale mezani. Programu haikuwa tatizo. Kilichobadilika kweli kazini, na ambacho shule bado haijakigusa, ni nani anaruhusiwa kusema, asemee wapi, na likitokea kosa linapelekwa wapi.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1911 Mmarekani mmoja anaitwa Frederick Taylor alichapisha mawazo yake juu ya kuendesha kazi kisayansi, yeye alikuwa anasimama na saa mkononi anapima kila mwendo wa mfanyakazi, na msingi wa hoja yake ulikuwa kwamba kufikiri ni kazi ya wakubwa na wa chini afanye alivyoelekezwa. Miaka miwili baadaye Henry Ford akaanza kuunda magari kwenye mstari unaotembea, gari linakuja mbele yako, unafunga nati yako, linaondoka. Kwenye kazi ya namna hiyo mtu wa kuuliza uliza ni hasara. Watu hupenda kusema shule zilibuniwa ili kuzalisha watu wa viwandani, mi naona hapo wanazidisha, shule na viboko vilikuwepo kabla ya Ford hajazaliwa. Lakini zilishikana mkono vizuri tu. Mwaka 1906 taasisi ya Carnegie ya Marekani ilipoweka kipimo chake cha masomo ya sekondari, somo moja likahesabiwa kwa saa 120 za kukaa darasani kwa mwaka. Saa za kukaa! Na mpaka leo sehemu nyingi tunahesabu kwa mtindo huohuo, umekaa, umenyamaza, umejaza, umepita.

Kwa mfanyakazi wa aina ile, "ndiyooo" ilitosha. Bosi alikuwa anaona kila kitu kwa macho. Ukikosea nati, msimamizi anaiona.

Mabadiliko yalianza kwenye kazi ambazo ukimya unaua. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye uwanja wa ndege wa Tenerife visiwa vya Kanari, Boeing 747 mbili ziligongana chini, kwenye njia ya kurukia, wakafa watu 583. Mpaka leo hamna ajali ya ndege iliyoua wengi kuliko hiyo. Sababu zilikuwa nyingi, ukungu mzito, uwanja umefurika ndege zilizogeuzwa kutoka uwanja mwingine, redio zikaingiliana. Lakini kinasa sauti cha chumba cha marubani wa KLM, shirika la Uholanzi lenye ndege moja kati ya hizo mbili, kilibaki na kitu ambacho ukikisoma unaingiwa na baridi. Kapteni alikuwa mtu mzito, mkufunzi mkuu wa marubani, sura yake ilikuwa inatumika kwenye matangazo ya kampuni. Alipoanza kusukuma injini mara ya kwanza, rubani msaidizi alimwambia bado hatujapewa ruhusa. Kapteni akamwambia najua, haya omba. Sekunde chache mbele kapteni akaanza tena kuondoka huku msaidizi bado anaongea na mnara wa kuongozea ndege, na safari hii msaidizi hakumzuia. Injinia wa ndege aliyekaa nyuma yao, kwenye redio alikuwa amesikia kitu, akauliza kama ile ndege nyingine, ya Pan Am, bado haijatoka njiani. Kapteni akajibu imetoka, kwa mkazo. Basi. Hamna aliyeuliza mara ya pili.

Hebu fikiria hapo. Yule injinia alijua kuuliza, aliuliza. Alichokosa ni namna ya kuuliza tena baada ya mkubwa kujibu. Na hicho wengi wetu tumekikosa tangu darasa la kwanza.

Mwaka uliofuata, Desemba 1978, ndege ya United, shirika la Marekani, ikaanguka karibu na Portland kwa sababu imeishiwa mafuta, rubani msaidizi na injinia walikuwa wanaona mafuta yanapungua na wakataja, ila kwa upole mno, na kapteni akili yake yote iko kwenye magurudumu ya kutua yaliyoleta shida. Watu 10 wakafa. NASA wakaitisha warsha 1979, na 1981 United ikawa ya kwanza kuwaweka marubani wake kwenye mafunzo ambayo siku hizi yanajulikana kwa kifupi kama CRM (Crew Resource Management), yaani namna ya kumtumia kila mtu aliyemo kwenye ndege. Ndani ya mafunzo hayo, na hapa ndo nataka walimu wakae vizuri, watu wazima wenye maelfu ya saa angani wanafundishwa kuongea. Wa chini anafundishwa asiishie kudokeza. Amwite mkubwa, aseme nina wasiwasi, ataje tatizo lenyewe lilivyo, apendekeze cha kufanya, kisha amrudishie swali. Kwa Kiswahili chetu ingekuwa kama hivi: "Kapteni, samahani, nina wasiwasi. Mafuta yaliyobaki ni ya dakika kumi na tano tu. Mi naona tutue sasa. Unasemaje?" Adabu iko palepale, haijaenda popote. Na mkubwa naye anafundishwa kupokea.

Ilisaidia? Julai 1989 ndege nyingine ya United, DC-10, ilipoteza mifumo yote ya kuiongoza ikiwa juu angani, kitu ambacho hata kwenye vitabu vya marubani hakikuwa na ukurasa. Kapteni Al Haynes akafanya kazi na kila mtu aliyekuwepo, mpaka rubani mwingine aliyekuwa amepanda kama abiria tu akaitwa mbele kushika nguvu za injini. Walikuwemo watu 296, wakapona 184, na Haynes mwenyewe alikuwa anasema bila yale mafunzo wasingefika hata uwanjani. Kapteni wa zamani angemwambia yule abiria karudi ukakae.

Viwandani nako hivyohivyo. Toyota waliweka kamba juu ya mstari wa kuunda magari, mfanyakazi yeyote akiona kasoro anaivuta, kiongozi wake anakuja mbio, na tatizo lisipoisha mstari unasimama. Kwa mtu aliyelelewa na mawazo ya Taylor hiyo ni kufuru. Kule Fremont, California, General Motors walikuwa na kiwanda chenye sifa mbaya sana, utoro, migogoro, magari yanatoka na kasoro kibao, wakakifunga 1982. Kikafunguliwa tena 1984 kwa ubia na Toyota, na wengi wa walioajiriwa walikuwa walewale wa zamani, watu walewale walioitwa wavivu na wakorofi. Muda si mrefu magari yao yakawa na ubora wa kulingana na ya Japani. Mi hii habari naipenda kwa sababu inafunga mdomo ule msemo wa "vijana wa siku hizi". Watu hawakubadilishwa, kilichobadilishwa ni nini kinampata mtu akisema "hapa kuna shida".

Na kuna mtafiti wa Harvard, Amy Edmondson, miaka ya 1990 alikuwa anachunguza makosa ya dawa kwenye timu za wauguzi, akitegemea timu nzuri zitakuwa na makosa machache. Takwimu zikamrudia kichwa chini, timu nzuri ndo zina makosa mengi. Alikaa nazo mpaka akaelewa kwamba timu nzuri hazikuwa zinakosea zaidi, zilikuwa zinasema zaidi, hizi nyingine zilikuwa zinaficha. Google nao walipochunguza timu zao kuanzia 2012, jambo lililoongoza kutofautisha timu nzuri na mbovu likawa hilohilo, mtu kujiona salama kusema. Sasa chukua hiyo uipeleke kwenye kadi ya ripoti ya mwanafunzi. Mtoto mwenye alama nyekundu chache ndo bora, si ndo hivyo? Na kama ni bingwa wa kuficha?

Halafu ikaja 2020 watu wakarudishwa nyumbani na laptopu zao, na wengi mpaka leo hawajarudi ofisini siku zote tano. Hapo ndo mambo yalipokuwa magumu kwa wale wa "ndiyooo", maana zamani ukikwama bosi anapita anaona umeshika kichwa, sasa haoni kitu. Anachokiona ni ulichoandika. Ukiwa kimya hajui kama unafanya kazi, umelala, au unahangaika na nywila. Kazi nyingi za sasa mtu anatakiwa kwa hiari yake aandike asubuhi: hiki nimemaliza, hiki nakifanya, hapa nimekwama, namhitaji fulani. Mistari minne tu, ila kwa mtu aliyelelewa kwamba kukwama ni aibu hiyo mistari minne ni mlima. Namjua mtu anaandika mitatu, wa tatu kila siku anauruka.

Na akili mnemba ndo imemaliza kabisa. ChatGPT ilipotoka mwishoni mwa Novemba 2022, jibu likawa kitu cha bure, jibu lolote, limenyooka, lina aya, lina maneno mazito, na mara nyingine ni uongo mtupu. Mwaka uliofuata huko New York mawakili wawili walipeleka mahakamani hati yenye kesi ambazo hazijawahi kuwepo duniani, zimetungwa na hiyo mashine. Wakapigwa faini ya dola 5,000. Watu wengi walioisimulia hii habari waliishia kwenye "ona sasa hatari za akili mnemba", lakini ukiifuatilia, kilichomchukiza jaji sana ni kwamba upande wa pili waliposema kesi hizi hatuzioni, na mahakama ikauliza, jamaa wakaendelea kuzisimamia. Walikuwa na nafasi ya kusema tumekosea, mapema, ingeisha kwa aibu ndogo. Wakaitika "ndiyooo".

Kwa hiyo ukiniuliza darasa libadilike vipi, mi siombi kipindi kipya kinachoitwa stadi za mawasiliano, saa nane mchana siku ya Ijumaa, wanafunzi wanakariri "sifa saba za msikilizaji bora" afu wanazijibu kwenye mtihani wakiwa kimya na kila mtu kafunika karatasi yake kwa kiwiko. Hicho ni kichekesho. Libadilike lile darasa la hesabu lenyewe, la historia lenyewe.

Anza na kitu kidogo kabisa kisichohitaji bajeti. Mtafiti Mary Budd Rowe, miaka ya 1970, alikaa na saa madarasani akapima mwalimu akiuliza swali anasubiri muda gani kabla hajamtaja mtu mwingine au kujijibu mwenyewe. Wastani ulikuwa kama sekunde moja. Sekunde moja! Walimu walipojizuia wakasubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yakarefuka, wasiojulikana kwa kujibu wakaanza kujibu, wanafunzi wakaanza hata kuulizana. Tatu tu. Jaribu leo, utaona sekunde tatu za ukimya zilivyo ndefu, mwili wote unakuwasha.

Afu ile "mmeelewa?" ife. Ni swali ambalo lina jibu moja tu la salama. Uliza "nimewapotezea wapi?" maana hapo kosa amelibeba mwalimu na mwanafunzi anaweza kusema bila kujivua nguo. Au kila mtu aandike kwenye kipande cha karatasi, bila jina, sehemu moja ambayo haijakaa sawa, zikusanywe. Nikisema hivi walimu wananiambia we hujui darasa la watu themanini, na ni kweli themanini ni wengi, sibishi. Lakini Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Harvard, alianza hii miaka ya mwanzo ya 1990 kwenye ukumbi wenye wanafunzi mamia: anatupa swali, kila mmoja anachagua jibu, kisha unamgeukia jirani yako mnabishana, kisha mnachagua tena. Aliyeelewa dakika tano zilizopita anamwelewesha mwenzake vizuri kuliko profesa aliyeelewa miaka thelathini iliyopita na ameshasahau ugumu ulikuwa wapi. Darasa likiwa kubwa, majirani ndo wengi zaidi. Kelele zitakuwepo. Zivumiliwe.

La pili ni kosa. Karatasi ikirudi na alama nyekundu mwanafunzi anaangalia maksi, anaikunja, anaisukuma chini ya begi, na biashara imeishia hapo. Kazini kosa halikunjwi, mnakaa nalo, lilianzia wapi, nani aliliona kwanza na kwa nini hakusema, tufanye nini lisirudi. Kwa hiyo mwanafunzi arudishiwe nusu ya maksi alizopoteza akiweza kuelezea kosa lake kwa maneno yake mwenyewe, sio kunakili jibu sahihi, aeleze alikuwa anawaza nini. Wengine watasema hiyo ni kugawa maksi bure. Jaribuni muone kama ni bure, kueleza ulichokuwa unawaza ulipokosea ni kazi ngumu kuliko swali lenyewe.

Kazi za kikundi sitaki hata kuzungumza sana, sote tunazijua, mmoja anafanya, wawili wanaandika majina, wa nne anachapisha na ndo anajiita katibu. Tatizo ni kwamba mwalimu anaiona kazi ikiwa imeisha. Aione katikati. Aje siku ya tatu aombe kilichopo kama kilivyo, kibichi, na amuulize kila mmoja umekwama wapi na umemwambia nani. Kuonyesha kazi mbichi ni jambo ambalo ofisi nyingi zinafanya kila siku, hati iko wazi watu watano wanaandika humohumo, na mtu aliyezoea kuficha daftari lake mpaka limekamilika anateseka sana hapo. Hata kupima ushirikiano bado kunatupiga chenga, OECD, ule umoja wa nchi nyingi tajiri, walipojaribu kwenye PISA, mtihani wao wa kimataifa wa watoto wa miaka 15, mwaka 2015 ilibidi mtoto akae peke yake mbele ya kompyuta achati na wenzake wa kutungwa na programu. Sio kwamba walikosea, walitaka kila mtoto apimwe sawa. Ila picha yenyewe, mtoto mmoja na skrini, ushirikiano. (Na wasichana waliwashinda wavulana kwenye kila nchi iliyoshiriki, bila hata moja kuponyoka, wanaume wenzangu tutafakari.)

Mitihani ya kukaa peke yako iendelee, mi sio wale wa kuchoma kila kitu. Rubani msaidizi asiyejua kusoma kipimo cha mafuta hana wasiwasi wowote wa kuusema. Lazima ujue kitu ndo uone kwamba hapa kuna shida, na kukijua kunahitaji kukaa, kurudia, kukariri hata, na watu wanaouza wazo kwamba kwa sababu kuna intaneti basi maarifa hayana haja kichwani wanadanganya watoto wa wenzao, wa kwao wanawatafutia walimu wa ziada.

Ila kuna hoja moja huwa inarudi na inastahili jibu la heshima. Wazazi wanasema mkiwafundisha watoto kubishana na mwalimu watatupanda kichwani nyumbani, adabu itakwenda wapi. Mi naona tumechanganya adabu na woga muda mrefu mpaka zimekuwa neno moja. Rudi kwenye ile sentensi ya kapteni na mafuta, ina samahani ndani yake, ina cheo cha mtu, inamaliza kwa kumuuliza mkubwa anaonaje. Hamna mzee angeambiwa hivyo akaona amevunjiwa heshima. Kinachotakiwa kufundishwa ni maneno yenyewe, kwa mdomo, kwa kuigiza, mara nyingi, mpaka siku ya ukungu yatoke yenyewe. Tunafundisha watoto kuamkia na hatusemi tunaua uhuru wao, basi tufundishe na hili.

Na sisi waajiri tusijifanye watakatifu. Kila mwaka tunalalamika vyuo vinatuletea watu hawajui kuongea, afu mtu akiongea kwenye kikao tunamkumbusha baadaye kwamba bado ni mgeni hapa. Mafunzo ya ndani yamepunguzwa sehemu nyingi, zamani uliingia ukashikwa mkono miezi sita, sasa tangazo la kazi ya kuanzia linadai uzoefu wa miaka mitatu, na lawama ya pengo tunaibandika kwa mwalimu. Shule isitufuate kwa kila tulichonacho pia. Utamaduni wa kazi wa sasa una uchafu wake, meseji za saa nne usiku, grupu la kazi linalolia mpaka Jumapili, mtu yuko likizo anajibu imeili. Ufaransa ilibidi waweke kwenye sheria, kuanzia Januari 2017, kwamba kampuni zenye wafanyakazi 50 na zaidi zijadiliane nao juu ya haki ya kutopatikana nje ya saa za kazi. Kwa hiyo yule mwanafunzi anayejifunza kusema "hapa nimekwama" ajifunze kwa mdomo uleule kusema "hii naiona kesho asubuhi". Mwalimu anayetuma kazi saa tano usiku kwenye grupu la darasa na kutaka majibu alfajiri anafundisha kitu, hata kama hakukipanga.

Kitu kimoja cha mwisho ambacho vyuo vinaweza kukifanya muhula ujao bila kuomba ruhusa kwa mtu. Zile ripoti za mafunzo kwa vitendo, nimesoma nyingi, zinafanana kama mapacha: historia ya kampuni, muundo wa uongozi na mchoro wake, kazi nilizofanya, changamoto (usafiri), shukrani. Hamna hata moja iliyowahi kuniambia siku mtu aliyokosea. Ongezeni ukurasa mmoja: ulikosea au ulikwama wapi, ilichukua muda gani mpaka ukamwambia mtu, ulimwambia nani na kwa maneno gani, yeye alifanya nini. Yule dogo wangu angeandika: siku tatu na nusu. Na pale kwenye "yeye alifanya nini" ingebidi mimi nijisome.

Nimeandika yote hayo, na jana tu nilikuwa naendesha kikao mtandaoni, watu tisa, nimeeleza mabadiliko ya ratiba dakika ishirini, saa imenibana, nikamalizia kwa kuuliza "tuko pamoja?" Wakaitika ndiyo, wengine wakaweka kidole gumba. Nilishafunga laptopu meseji ikaingia pembeni, "samahani kaka, ile sehemu ya pili mi sikuipata." Baada ya kama saa moja ikaja nyingine, ya mtu mwingine, sehemu hiyohiyo. Hao ni wawili. Wale saba bado sijawasikia.